Dadu Nyuma ya Kadibodi

Jumapili, 7 Januari

Mjomba, shikamoo.

Naandika barua kamili, yenye tarehe na salamu, kwa sababu ujumbe wangu wa simu wa wiki iliyopita uliujibu kwa maneno manne: "Jambo kubwa huandikwa barua." Basi hii hapa, ingawa imepita kwenye kompyuta na haina stempu.

Miezi mitatu sasa meza yako iko kimya. Mimi nimekuja huku kujifunza ufundi wa lifti, jirani yetu mzee Mwashi amehamia kwa binti yake, umebaki wewe na mama mkitazamana. Na mhusika wangu, Sisimizi, mmemwacha ananing'inia kwenye ukuta wa ngome kwa mkono mmoja tangu Oktoba. Hata sisimizi huchoka.

Dawa ipo. Kuna programu za kuchezea michezo ya masimulizi kama wetu kwa njia ya mtandao. Kila mtu anakaa kwake, anafungua kompyuta au simu, na wote mnaiona meza moja: ramani katikati, kete za wahusika juu yake, na sauti zenu. Msimulizi, yaani wewe, unaendesha hadithi kama kawaida, kila mmoja wetu anamwongoza mhusika wake, na dadu inaamua nani afaulu. Nimepata moja ambayo alama yake ni kasri, kwa hiyo tuiite Kasri. Uzuri wake ni kwamba dadu inajirusha yenyewe na namba inatokea mbele ya kila mtu. Hakuna tena dadu ya Mwashi, ile ya pande ishirini, kuingia chini ya kochi, naye kuifuata huko na kutoka akisema, "Ishirini!"

Tuijaribu Jumamosi, saa nane mchana?

Mtihani wangu wa leseni umesogezwa mbele, kwa hiyo nafasi ninayo. Mafundi wenzangu wananiita Abiria. Siku ya kwanza niliambiwa nipande ghorofa ya tisa nikague mashine, nikapanda kwa lifti ile ile tuliyokuwa tumekuja kuitengeneza. Ikanikwamisha saa nzima. Wakicheka, nacheka nao. Lakini nikiingia kwenye lile shimo na kutazama juu, huwa nasema moyoni: Sisimizi alivuka daraja la kamba peke yake, mishale ikimiminika, na hakuna aliyemshika mkono. Usinicheke, Mjomba. Hicho ndicho kinachonipandisha.

Mpwa wako


Jumapili, 14 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Jaribio tumelifanya jana. Sasa pokea hukumu. Kasri haitufai.

Kwanza, kelele. Kila dadu ikirushwa, panatokea sauti ya debe la mawe likiporomoka ngazini. Pili, miraba yake. Nimepima ardhi miaka thelathini na minne, na ramani zangu zote za mchezo nimezichora kwa skeli: sentimita moja kwa hatua mbili. Programu hiyo ina miraba yake na haitaki kusikia habari ya mtu mwingine. Ngome yangu imevimba kama mkate uliozidiwa hamira. Tatu, Mwashi aliishika simu juu chini, tukazungumza na dari ya binti yake kwa nusu saa. Hilo si kosa la programu, lakini limetokea, kwa hiyo ninaliandika.

Nne, na hili ndilo kubwa: dadu za msimulizi zinaonekana na kila mtu. Je, umeisahau kadibodi yangu? Kwa miaka kumi na mmoja nimeketi nyuma yake. Adui zenu hurushiwa dadu huko, nami huwatajia namba. Kanuni za mchezo zinaruhusu, na mimi, unanijua, sivunji kanuni. Mpishi akipikia barazani, wageni huanza kumhesabia vitunguu.

Mama yako alisema, "Kaka, sema tu unaogopa." Nikamuuliza ninaogopa nini. Akajibu, "Nimekuuliza mimi, au umejiuliza wewe?" Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Sikumwelewa.

Tafuta nyingine, yenye pazia.

Nimefurahi kwamba mtihani umesogezwa. Muda wa ziada ni zawadi kwa anayeutumia. Kuhusu lile daraja, usilibebe moyoni mno. Ulikuwa mchezo.

Mjomba wako


Jumanne, 16 Januari

Mjomba, shikamoo.

Ulikuwa mchezo! Wewe uliyemnyima Mwashi zamu kwa sababu alikuwa anatafuna!

Haya, nimetafuta. Nimejaribu programu nne kwa siku mbili, macho yamekuwa kama ya bundi. Moja inataka kompyuta yenye nguvu kuliko lifti ya ghorofa ishirini. Nyingine ina vitufe vingi hadi nikajikuta nimemvika Sisimizi ndevu na sikujua pa kuzitolea. Nyingine ni ukurasa mweupe tu, na nikiutaka ukurasa mweupe nitafungua daftari.

Iliyobaki ina alama ya jani, kwa hiyo tuiite Jani. Jani haina kelele. Ina pazia: msimulizi anaweza kurusha dadu zake za kweli huko nyumbani, nyuma ya kadibodi yake, akatutajia namba kama zamani. Haina miraba. Unapiga picha ramani zako mwenyewe, unaziweka, na zinabaki kwa skeli yako. Nasi tunaweza kuikuza picha hadi tuone kila jiwe. Umeshinda pande zote, Mjomba. Hata kwa programu unadekezwa.

Piga picha mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa imelala sawa juu ya kitabu. Ukishindwa, mwite mama.

Mpwa wako


Ijumaa, 19 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikushindwa, wala sikumwita mtu.

Nimeweka ramani tatu kutoka kwenye vitabu vyangu vya vipimo: ngome, kisima, na daraja la kamba, kwa kuwa mkitoka ngomeni mtarudi kwa njia ile ile. Nimezitazama kwenye kompyuta ya mama yako. Mistari imetoka safi. Ninakiri kwamba nilizitazama zaidi ya mara moja.

Jani inafaa. Kesho saa nane kamili. Mwambie Mwashi kwamba simu ina upande wa juu.

Mjomba wako


Jumapili, 21 Januari

Mjomba,

Shikamoo.

Jana kabla hatujaanza niliikuza ramani ya daraja. Nilitaka kuona mahali nilipopita. Hukukata picha vizuri. Ramani iko ukurasa wa kulia, lakini ukurasa wa kushoto nao umeingia hadi katikati, na kushoto ndiko unakoandika dadu zako.

Unakumbuka ulichonifundisha juu ya kitabu cha vipimo? Mpima hafuti. Akikosea, anapiga mstari mmoja juu ya namba na kuandika nyingine kando yake, ili ile ya kwanza iendelee kusomeka, maana kesho huenda ikahitajika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliona ni jambo zuri kuliko yote uliyowahi kuniambia.

Mshale wa kwanza, nne. Mshale wa pili, saba. Mshale wa tatu, kumi na tisa. Imepigwa mstari. Kando yake: sita.

Kumi na tisa ingeniua.

Ndiyo maana jana nilikuwa kimya. Mtandao haukuwa na tatizo lolote, nilidanganya. Na ndiyo maana uliikataa Kasri. Mkate na hamira!

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza mara ngapi. Jumamosi msinitegemee.

Mpwa wako


Alhamisi, 25 Januari

Wewe binti,

Mimi si mtu wa barua. Naandika nimesimama, pini mdomoni, nguo ya mtu inaningoja. Tarehe kaiweka mjomba wako. Nimemwambia anifungulie kompyuta kisha aondoke, na ameondoka lakini yuko hapo nyuma ya mlango, namsikia anavyopumua.

Umenyamaza siku nne. Kaka yangu anakula nusu sahani. Jana kaipima meza ya sebuleni kwa utepe, mara tatu. Nikamuuliza, "Imekua?" Akaukunja utepe.

Sasa nikuambie. Mimi nilijua. Miaka yote nimekaa kushoto kwake, na ile kadibodi upande wa kushoto ni fupi, aliikata yeye mwenyewe kwa rula na bado akakosea. Nilikuwa naona kila dadu. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nimuumbue. Nikakutazama. Ulikuwa unacheka, mwanangu, na ulikuwa hujacheka tangu baba yako atutoke. Nikaufunga. Kwa hiyo kama mjomba wako ni mwongo, tuko wawili, utufunge pamoja.

Kukasirika una haki. Kasirika hadi uchoke. Ila uje ukasirikie mezani, sisi tukuone. Mtu akisusa chumbani kwake peke yake, nani atamwambia basi yatosha?

Na kula.

Mama yako


Jumapili, 28 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba.

Umeuliza mara ngapi. Swali la hesabu hujibiwa kwa hesabu. Nimevishusha vitabu vyote kumi na kimoja, nimevisoma ukurasa kwa ukurasa tangu Jumatatu. Mistari ni kumi na saba. Saba ni yako. Tano ni ya mama yako, ambaye hadi leo anaamini aliokoka ugonjwa wa pango kwa ujuzi wa tiba. Nne ni ya Mwashi. Mmoja uliobaki nao ni wa Mwashi, ila ule niliupandisha badala ya kuushusha, kwa sababu siku hiyo alikuwa amejisifu kupita kiasi.

Hukuuliza kwa nini, lakini nitasema, maana nimedaiwa ukweli na sitautoa nusu.

Huenda hukumbuki mchezo wako wa kwanza. Mhusika wako wa mwanzo hakuwa Sisimizi. Alikuwa binti mpiga ngoma, na alikufa katika saa ya kwanza, kwa dadu halali ambayo niliirusha mimi na kuitaja mimi, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria. Ulishuka kitini, ukaenda kusimama nje ya dirisha, na kwa siku tisa hukusema neno na mtu yeyote. Baba yako alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini. Siku ya kumi ulirudi na karatasi yenye jina la Sisimizi. Niliitazama ile karatasi nikaamua kwamba huyu hatakufa mezani kwangu.

Usidhani nilikuhurumia wewe peke yako. Nilijihurumia pia. Sikutaka kusimama tena ndani ya nyumba nikitazama mgongo wako dirishani.

Hilo lingekuwa kosa la mwaka mmoja. Nimelifanya miaka kumi na mmoja, hadi ukawa mtu mzima mwenye spana mkononi, na bado nilikushikilia kiuno. Huko ni kukudharau, na nimekuita jasiri usoni huku nikikudharau mgongoni. Nisamehe.

Sitakupoza kwa kusema kwamba daraja lilikuwa lako. Halikuwa. Lakini nimetafuta pia siku ya kisima, ulipowasemesha walinzi sita hadi wakaweka mikuki chini na kukuchotea maji. Ukurasa ule hauna namba. Sikurusha dadu, wala sikuona sababu ya kurusha. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ndiye msimulizi, nilikuwa nasikiliza.

Programu chagua wewe. Sitatoa hukumu.

Mjomba wako


Jumatano, 31 Januari

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za kazini, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ambako hapiti mtu kwa sababu wote wanapenda lifti.

Nami ukweli nitautoa mzima. Mtihani haukusogezwa. Niliufanya mwezi wa Desemba na nikashindwa.

Haikuwa sehemu ya maswali. Ilikuwa ya vitendo. Unafungua mlango, na kabla hujakanyaga paa la lifti, unabonyeza swichi ya kuisimamisha, kisha unaijaribu kuhakikisha kweli imesimama. Ndipo unapanda. Mimi nilibonyeza nikapanda. Sikujaribu. Mtahini akasema, "Inatosha, shuka." Dakika mbili tu, Mjomba. Nilikuwa na uhakika kwamba mambo yangu huwa yananyooka. Nilikuwa mtu ambaye mshale haumpati.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini ile kumi na tisa ilinichoma. Sikukasirika kwa sababu uliniokoa. Nilikasirika kwa sababu nilidhani nimejua kuvuka.

Sijamwambia mama. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Nimefikiri kuhusu kurudia mtihani. Fomu ninayo, iko chini ya godoro kama barua ya mapenzi. Mkono unakataa kuijaza. Nikishindwa mara ya pili nitarudishwa kwenye kupaka grisi mwaka mzima, na Abiria litakuwa jina langu hadi nizeeke.

Nachagua Kasri. Kelele zake zote, miraba yake yote. Dadu zote hadharani, zako na zetu. Ramani ya ngome nimeshainyoosha ikakaa sawa na miraba. Nimetumia usiku wangu wote wa jana, kwa hiyo hata usiseme. Jumamosi saa nane nitakuwepo. Kadibodi usije nayo hata kwa mazoea.

Mpwa wako


Jumapili, 4 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo? Ninauliza kwa sababu sijui, na tangu jana saa kumi sijapata neno kutoka kwako.

Nitaandika ninavyokumbuka, nawe unisahihishe. Ulisema Sisimizi atabaki langoni na kulishikilia ili wenzake wapite. Nilikuuliza kama una hakika. Mama yako alisema, "Mwache, kasema." Ukahitaji kumi na moja. Debe la mawe likaporomoka, ikatokea mbili, nyekundu, kubwa kama sahani.

Nilifungua mdomo. Nitakiri hata hili: neno lililokuwa ulimini ni "kumi na mbili". Lakini namba ilikuwa mbele yetu sote, nami sikuwa na pa kujificha. Mwashi akasema, "Hiyo haikuzunguka vizuri, irushwe tena." Mama yako akamwambia, "Mzee, nyamaza." Kisha wewe ukauliza, "Amekufa, sivyo?" Nikasema, "Amekufa." Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote niliyowahi kutamka mezani.

Wenzako walipita lango, wote wawili. Sijui kama ulisikia, maana picha yako ilizimika.

Sikujua kama ni umeme, mtandao, au mgongo wako dirishani. Mama yako amekatazwa na mimi kukupigia simu, nami nimekatazwa na yeye. Tumekaa hivyo tangu jana, kila mmoja anamlinda mwenzake na simu.

Andika mstari mmoja.

Mjomba wako


Jumanne, 6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sijambo. Haukuwa umeme. Nilizima kwa sababu nilikuwa nalia na kamasi zinatoka, na hakuna programu yenye pazia la hilo.

Nililia vizuri, kama mtoto. Halafu nikaona njaa. Nikala, nikafua ovaroli, nikatandika kitanda. Nilikuwa naingoja ile hali ya siku tisa, nikasema itafika jioni. Haikufika. Jumapili nikaamka nikajikuta nawaza kuhusu mhusika mwingine. Mtu mzito safari hii, mpole, asiyeweza kukimbia hata kidogo. Mwashi amenitumia ujumbe kwamba marehemu alikuwa anamdai upanga na yeye ndiye mrithi. Nimemjibu kwa lugha ambayo sitaiandika hapa.

Nimesikia kwamba walipita. Nilikuwa nimezima picha tu, sauti niliiacha. Niliwasikia nyote. Nilimsikia mama anakuambia, "Umefanya vizuri, kaka," na wewe unapenga.

Jana kazini tuliingia shimoni. Zamu ilikuwa yangu kupanda juu ya paa la lifti. Nilibonyeza swichi, nikajaribu. Ilikuwa imesimama. Nikajaribu tena kwa sababu hakuna aliyenikimbiza. Fundi mkuu akasema, "Leo Abiria ana wasiwasi." Nikamwambia, "Leo Abiria hajui kama ana bahati, kwa hiyo anakagua." Akanitazama, akasema, "Haya. Endelea hivyo hivyo." Kwake hiyo ni hotuba.

Mchana nimempigia mama nikamwambia kuhusu Desemba. Akasema alijua. Mjomba, kuna kitu ambacho mama hajui?

Fomu nimeijaza na kuipeleka. Mtihani wa vitendo ni Jumamosi hii, zamu yangu ni saa sita, kwa hiyo mezani nitachelewa. Anzeni bila mimi. Usiniandikie maneno ya kunitia moyo, na usiniambie nitafaulu, maana hujui na mimi sijui. Matokeo wanayatoa pale pale, kwa alama, kati ya mia. Nikitoka tu nitakaa kwenye ngazi na kukuandikia namba, ile ile iliyotoka.

Mpwa wako